Echuchuka ni neno la nani?

Leo naongea kuhusu majina, na si majina ya watoto. Naongea juu ya majina ya sabuni, ya asali, ya vikapu, ya maembe yaliyokaushwa, na hata majina ya hizi peji zetu. Huku Katilu na Lokichar vijana wanapiga picha cheti cha eCitizen, wanakipost, halafu wanaandika chini: "brandi yangu sasa ni rasmi." Hongera kwao, kuanza kitu si mchezo. Lakini kile cheti hakisemi wanachodhani kinasema.

Cheti cha jina la biashara hutolewa na Business Registration Service. Kazi yake ni ndogo: kinaambia serikali kwamba mtu fulani anafanya biashara akijiita hivi, ili ijulikane nani alipe kodi na nani ashtakiwe mambo yakiharibika. Basi. Hakimpi mtu umiliki wa lile neno. Mtu wa Kitale anaweza kubandika jina hilohilo kwenye sabuni yake, apakie lori, ashushe Lodwar, na wewe ukimwonyesha cheti chako atakuambia kinapendeza.

Kinachokupa umiliki wa neno au nembo sokoni ni alama ya biashara. Hiyo iko ofisi nyingine kabisa, KIPI, yaani taasisi ya Kenya ya mali za viwandani, chini ya Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506. Ofisi mbili, daftari mbili. Yule wa saiba aliyekujazia fomu hawezi kukuambia hivyo kwa sababu hukumuuliza, na yeye analipwa kwa fomu.

Najua kuna mjuaji atasema hata bila kusajili unaweza kwenda kortini kulalamika kwamba mtu anauza mali yake akijifanya wewe. Ni kweli, mlango huo upo. Lakini ukiupitia ni wewe utakayethibitisha kwamba jina lako lilikuwa linajulikana, wateja walikuwa wanalitegemea, na sasa wamechanganywa ukapata hasara. Utaleta risiti, utaleta mashahidi, utaleta wakili. Mama anayeuza sabuni kwa meza soko la Lodwar, risiti atatoa wapi? Mwenye cheti cha alama anaingia kortini na karatasi moja, na mzigo wa kujieleza unahamia kwa mwingine.

Tena si kila neno unalinunua kwa kila kitu. Bidhaa na huduma zimegawanywa madarasa 45, ya bidhaa 34 na ya huduma 11. Sabuni na losheni ziko darasa la 3. Nguo ni la 25. Matunda yaliyokaushwa ni la 29, asali la 30. Sisi wa kontenti, wa burudani na mafunzo, tuko la 41. Ukisajili jina lako kwa sabuni peke yake, mtu wa fulana anaweza kulichukua kwa darasa lake, na kila darasa unaloongeza unalilipia.

Halafu kuna hii sehemu ambayo inaniudhi. Ombi likikubaliwa linatangazwa kwenye jarida la KIPI, na kuanzia hapo kila mtu ana siku 60 za kupinga. Siku 60! Hizo ndizo siku zako za kusema "hapana, hilo ni jina letu." Sasa niambie, kuanzia Kainuk hadi Kakuma, nani anasoma hilo jarida? Mawakili wa kampuni kubwa wanalisoma kila mwezi kwa sababu wanalipwa kulisoma. Kampuni ya Nairobi ikiona jina linalofanana na lake linapita, kesho yake pingamizi limeandikwa. Sisi tutajua jina limeenda siku tutakayoliona dukani likiwa na barkodi.

Sasa nije kwa Echuchuka, maana hapa ndipo nyumbani.

Kwa wasomaji wangu wa nje ya Turkana, echuchuka ni alovera, ile Kiswahili cha vitabu kinaita mshubiri. Inaota yenyewe hapa kwetu, kwenye mawe na mchanga, hakuna aliyeipanda. Wazee wanaijua kama dawa tangu zamani. Biashara yake ina historia chafu kidogo. Walikuwa wanakuja wanunuzi wa utomvu, unakamuliwa, unachemshwa mpaka unakuwa kama gundi nyeusi, halafu unaondoka kwa magunia. Mwaka 1986 Rais Moi akapiga marufuku kuvuna alovera ya porini. Marufuku haikuua biashara, iliisukuma gizani tu, na ukiuza gizani bei anaitaja mnunuzi.

Ndipo watu wa Namoruputh, kule Loima, njia ya kwenda mpaka wa Uganda, wakafanya kitu tofauti. Chini ya kikundi kinachoitwa Turkana Bio Aloe Organization, kwa kifupi TUBAE, waliacha kuwa watu wa kuuza utomvu mbichi wakaanza kutengeneza sabuni, shampuu na losheni. Shirika la Umoja wa Mataifa la mali za ubunifu, WIPO, pamoja na KIPI, wakawasaidia na upande wa jina. Alama ikasajiliwa: Echuchuka.

Mimi hiyo stori naipenda. Utomvu kwenye gunia hauna jina, ukifika kiwandani umekuwa "malighafi kutoka Afrika." Lakini sabuni yenye jina inamfuata mteja hadi bafuni. Akimaliza anarudi dukani kuuliza ile ya Echuchuka, na huyo anayeuliza jina ndiye anayekuruhusu kuongeza bei bila kumpoteza. Hiyo tofauti ya bei ndiyo watu wa Nairobi wanaita brandi. Haina uchawi.

Lakini kuna swali ambalo linanisumbua, na sioni watu wakilijadili.

Tuseme akina mama wa Katilu waamue nao kutengeneza sabuni ya alovera. Maji ya Turkwel tuko nayo, shamba la skimu tuko nalo, watu wa kufanya kazi ndio sisi. Wanaandika nini kwenye lebo? Wakiandika "sabuni ya echuchuka", wameiba alama ya Namoruputh, au wametaja tu mmea ulio ndani ya sabuni kwa lugha ya mama zao? Sisemi kuna kesi. Nauliza swali kabla kesi haijaja.

Sheria yenyewe inasema neno linalotaja moja kwa moja aina au ubora wa bidhaa halifai kuwa alama ya mtu mmoja. Huwezi kusajili neno "sabuni" kwa sabuni, au "tamu" kwa asali, halafu uzuie dunia nzima kulitumia. Sasa, kwa afisa asiyejua Kiturkana, echuchuka inasikika kama neno la kubuni, zuri, lenye mdundo, halimaanishi kitu. Kwa bibi yangu ni ule mmea pale nje. Neno ni moja, lakini Nairobi ni brandi na hapa ni mmea. Hii shida itarudi kila wakati neno la lugha yetu linapopelekwa kusajiliwa, na lugha za Kenya ni zaidi ya arobaini, kila moja na mimea yake.

Msimamo wangu ni huu: Namoruputh walifanya sawa kusajili, na wangekuwa wajinga kungoja. Wasingelichukua wao, mtu wa nje angelichukua, na huyo asingekuwa na shangazi Katilu wa kumwambia "mwanangu, hebu tuongee." Lakini kile wanachomiliki kinafaa kueleweka kwa wembamba. Ni yao ile Echuchuka iliyo jina kubwa mbele ya pakiti, na mwandiko wake na nembo yake. Si yao haki ya kuzuia Mturkana mwingine kuandika kwa maandishi madogo nyuma ya pakiti kwamba humu ndani kuna echuchuka. Sheria huachia nafasi mtu anayeelezea bidhaa yake kwa nia njema. Kwa hiyo akina mama wa Katilu watafute jina lao la mbele, na mmea wautaje nyuma bila woga.

Mkidhani nazidisha, angalieni kikoi.

Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza, The Kikoy Company, iliomba kusajili neno "Kikoy" huko kwao. Kikoi! Kile kitambaa ambacho mtu wa Lamu au Mombasa anajifunga kiunoni bila kufikiria mara mbili. Ombi lingepita, Mkenya anayepeleka vikoi Uingereza angeviuza kwa jina gani? "Kitambaa cha mistari cha pwani"? Kelele zikaanza hapa Kenya, shirika la biashara ya haki la huko Uingereza, Traidcraft, likasaidia kutafuta mawakili, pingamizi likapelekwa, na mwishowe kampuni ikaacha. Angalieni vizuri kilichofanya kazi hapo. Hasira ilisaidia kuleta mawakili, sawa, lakini kilichosimamisha ombi ni karatasi ya pingamizi iliyofika ofisi inayohusika wakati mlango bado uko wazi.

Linganisha na Hakuna Matata. Disney waliomba kulisajili Marekani mwaka 1994, mwaka ule filamu ya The Lion King ilipotoka. Likasajiliwa 2003, kwa fulana. Sisi tulikasirika lini? 2018. Miaka 15 baada ya cheti kutoka ndio tunasaini maombi mtandaoni, na hata hayo yalianzishwa na mwanaharakati wa Zimbabwe, si sisi wenye lugha. Saini zikapita laki moja, magazeti ya dunia yakaandika, kila mtu akawa mwanasheria kwa wiki mbili. Cheti kikabaki pale pale.

Na tuwe wakweli pia, maana hapa watu hupenda kuongeza chumvi. Disney hawawezi kumshtaki mama yako kwa kusema hakuna matata. Wala hoteli ya Malindi kwa kuandika hivyo ukutani. Alama ile ni ya Marekani, kwa bidhaa za aina fulani. Alama ya biashara haivuki mpaka yenyewe. Kila nchi unasajili kivyake. Anayeumia ni yule kijana anayetaka kuuza fulana za Hakuna Matata kwa Wamarekani. Ni maumivu ya kweli, lakini si yale ya "wametuibia lugha."

Vilevile kiondo. Kila nikiandika kuhusu vikapu kuna mtu ananiambia Wajapani walipatenti kiondo. Nikimwomba nambari ya usajili, tarehe, ofisi, ananitumia linki ya mtu mwingine anayesema Wajapani walipatenti kiondo. Hataza ni ya uvumbuzi mpya, alama ya biashara ni ya jina na nembo, hakimiliki ni ya kazi kama wimbo au video. Hivi ni vitu vitatu, na ukivichanganya utapiga kelele kwenye mlango usio wake huku mlango wenyewe unafungwa.

Sasa vikapu vyetu. Ukienda Tobong'u Lore pale Lodwar, utaona vikapu vya majani ya mkoma, ule eng'ol, vya kila umbo. Rangi hizo! Mwingine anachukua siku nyingi za mikono. Ukigeuza, chini hakuna kitu. Hakuna jina, hakuna lebo, hata stika. Mnunuzi anakuja, anachukua hamsini, anavipeleka Nairobi, na huko ndiko vinapata jina. Linakuwa jina lake. Hajaiba chochote, kaa chini ufikirie. Kikapu hakikuwa na jina, yeye akakipa.

Watu wananiambia basi tusajili neno "Turkana." Haliendi rahisi hivyo. Sheria ya Kenya haitaki mtu mmoja ajimilikishe jina la mahali likiwa peke yake, na mimi nashukuru, la sivyo angeshalichukua mheshimiwa fulani zamani. Halafu jina la mahali husafiri vibaya. Ile kampuni ya umeme wa upepo inayoitwa Lake Turkana Wind Power, na mitambo yake 365, iko Loiyangalani, kaunti ya Marsabit. Jina limetoka kwa ziwa, sawa, sina neno. Lakini wangapi nje huko wanadhani ule umeme uko kwetu?

Sheria hiyohiyo inayomzuia mtu mmoja imeachia kikundi mlango. Inaitwa alama ya pamoja. Mwenyewe ni chama au ushirika, wanachama wote wanaruhusiwa kuitumia, na hapo jina la mahali linakubalika. Taita wameshapita njia hiyo. Wale akina mama wa vikapu vya katani walipata alama ya pamoja ya Taita Basket, kwa msaada wa hao hao WIPO na KIPI. Hawakungoja Mjapani.

Na ukitaka kuona alama mikononi mwa mwenyewe inaweza nini, angalia jirani zetu wa kaskazini. Mwaka 2005 Ethiopia iliomba kusajili Marekani majina ya kahawa yake matatu: Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Ikagonga ukuta, maana Starbucks walikuwa tayari wamepeleka ombi la jina la kahawa yao lenye neno Sidamo ndani, na chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani kikapinga, kikisema hayo ni majina ya kawaida ya kahawa. Yaani hoja ileile ya echuchuka, ila safari hii inatoka kwa mnunuzi. Ethiopia haikulegea. Juni 2007 Starbucks wakatia saini makubaliano. Sehemu ninayoipenda ni kwamba Ethiopia haikudai malipo kwa kutumia majina hayo. Ilitaka wanunuzi wakubali majina yana mwenyewe, na wayatangaze kwa heshima. Ukishakubaliwa kuwa mwenyewe, unakaa tofauti mezani wakati wa kuongea bei.

Sasa najua mtasema nini, acha nijibu machache.

Kwanza, pesa. Utafutaji wa jina, ombi, tangazo, cheti, kila hatua ina ada, na ukiweka wakala zinaongezeka. Mama mmoja hawezi. Kikundi cha mama 60 kinaweza, na kaunti inaweza bila hata kuhisi. Kaunti yetu inalipia mahema, spika na chakula cha wageni kwenye kila sherehe. Tena sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na utamaduni imeipa kila kaunti kazi ya kuandikisha maarifa ya jadi ya watu wake, na Katiba, ibara ya 11, inasema Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe utamaduni wao ukitumiwa. Kwa hiyo mkiomba hiyo bajeti si msaada mnaomba.

Pili, kuna wanaosema mambo ya alama ni ya Wazungu, sisi tunaaminiana. Jameni. Ng'ombe wetu tunawapiga chapa tangu lini? Mturkana anajua ng'ombe wa nani ni yupi kwa alama ya ngozi na mkato wa sikio, na ukigusa alama ya mwenzako wazee wanaketi chini ya mti. Hili jambo mnalijua kuliko wanasheria.

Tatu, ubora. Hapa nakubaliana na wanaolalamika. Alama ikishakuwa ya pamoja, kikapu kimoja kibovu kinachafua vya wote. Sabuni moja inayochoma ngozi inaua jina zima. Ndiyo maana alama ya pamoja hupelekwa na kanuni zake: nani ni mwanachama, bidhaa iwe ya kiwango gani, nani anakagua, anayevunja anafanywa nini. Kazi kubwa iko kwenye hizo kurasa, si kwenye kuchora nembo. Nembo hata mimi naweza kuwachorea kwa simu jioni moja.

Ninachokiogopa zaidi hakiko Uingereza wala Marekani. Kiko kwenye mkutano wa kikundi. Anakuja mtu mwenye gari, anaongea vizuri, anasema atawasaidia kusajili. Anaomba nakala za vitambulisho. Miezi inapita, cheti kinatoka, na pale penye jina la mwenye alama kuna jina la kampuni yake. Ama mwenyekiti anasajili kwa jina lake mwenyewe "kwa muda tu, kurahisisha mambo", halafu anagombana na wenzake, anaondoka, na alama inaondoka naye. Wenzake waliosuka miaka yote wanabaki kuwa watu wanaoiga alama yake. Hapo Sura ya 506 itamlinda yeye, kwa sababu daftari linamjua yeye.

Kwa hiyo kabla ya fomu ya KIPI, kikundi chenyewe kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba, na ndani ya katiba iandikwe kwamba jina, nembo na mwandiko ni mali ya kikundi, mtu akitoka haondoki nazo. Na siku fomu inajazwa, wawepo wanachama watatu wanaojua kusoma, waangalie kwa macho yao sanduku la jina la mwombaji limeandikwa nini. Mjukuu wa darasa la nane anatosha kwa hiyo kazi.

Na sisi wa kontenti tusijifanye watazamaji. Juni 2018 kule Kakuma kulifanyika TEDxKakumaCamp, mkutano wa kwanza wa TEDx ndani ya kambi ya wakimbizi. Watu wengi walikumbuka hotuba. Mimi nilibaki naangalia ile "x" ndogo. TED wanaruhusu watu wa popote waandae mkutano na kutumia jina lao, lakini kwa leseni yenye masharti, na hiyo "x" inamwambia kila mtu kwamba hawa wamejiandalia wenyewe kwa ruhusa. Jina linasafiri hadi Kakuma, linavaa vumbi letu, na bado mwenyewe anajulikana. Sisi tunafanya kinyume. Mtu ana peji ya wafuasi elfu hamsini, jina lake halijaandikwa popote, neno la siri liko kwa rafiki aliyemsaidia kufungua akaunti. Siku wakikosana, rafiki anaendelea na jina. Nimeyaona haya mara mbili ndani ya mwaka mmoja, hapahapa Turkana Kusini.

Kwa hivyo nina maombi mawili. Moja ni kwa afisi ya biashara ya kaunti pale Lodwar: chukueni mtu mmoja, hata mwanafunzi wa atachi, kazi yake iwe kusoma lile jarida kila mwezi na kutafuta maneno ya Kiturkana na majina ya mahali petu. Akiona "Turkwel", "Eliye", "Kakuma", "Lokichar", "ekicholong", apige simu kabla ya siku 60 kuisha. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja kwa mwezi.

La pili ni kwa akina mama wa vikapu, wa hapa Katilu na wa kambini pia, maana hata wakimbizi wanasuka na jirani hasahauliki. Mkikutana wiki hii, kabla ya kuongea bei na mnunuzi, ongeeni jina. Mchague matatu, si moja, kwa sababu la kwanza huenda mtu analo tayari. Likishapita litakaa miaka 10, halafu linalipiwa tena. Na lisipotumika miaka mitano mfululizo mtu anaweza kuomba liondolewe. Muandike hiyo tarehe kwa rangi ukutani pale mnapokutania, mahali hata mtoto ataiona.